Jina Tuliloliacha Chini ya Mkongo

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na maji, na kama nimekosea maneno, jueni niliishia darasa la saba, tena nilikuwa nakaa dawati la nyuma ili mwalimu asinione. Ninaandika polepole. Ukurasa mmoja unaweza kula jioni yangu nzima. Lakini jambo hili kulisimulia kwa mdomo siwezi, nimejaribu, watu wakinitazama maneno yananikimbia. Kwa hiyo mnivumilie.

Nakaa Pugu, upande ule ambao lami inakwisha na milima inaanza. Watu wa mjini wakisikia tunasema milima wanacheka, maana kwao mlima ni ule wenye theluji kwenye picha. Yetu si mirefu. Lakini imefunikwa msitu toka chini hadi juu, na ukishaingia chini ya ile miti huoni tena kama unapanda au unashuka, unaambiwa na magoti.

Kazi yangu ni kufyeka njia za wageni. Mvua ikinyesha siku chache tu mfululizo, njia inafunga kama haijawahi kuwapo. Naanza getini, nazunguka bwawa, napanda mpaka kileleni pale pa kutazamia, halafu nashuka upande wa pili hadi mapangoni. Naipenda kazi hii. Panga haliniulizi swali, na miti hainiambii niongeze sauti.

Sasa lazima niwaeleze kitu cha Bibi, la sivyo hamtaelewa kilichotokea.

Bibi yetu, mzaa mama, ni Mzaramo aliyezaliwa na kukulia pembeni mwa msitu huu. Kwake msitu si mahali pa kuitana majina. Anasema jina ni kamba. Ukilitamka mle ndani umeshika ncha moja, na hujui nani atadaka ncha ya pili. Basi kabla ya kuingia, jina linaachwa nje. Karibu na geti kuna mkongo mkubwa, mizizi yake imepanda juu ya ardhi kama vidole vya mtu anayekuna kichwa. Unaokota kijiwe, unakinong'oneza jina lako, unakificha kwenye mizizi. Ukitoka unakichukua. Mle ndani mkipoteana, anayetafuta anaita, "Huuu, wa kwetu!" na mwenzake anaitika, "Wa kwetu, huuu!" Kisha yule aliyeitwa anauliza, "Umeliacha wapi?" Ukishindwa kumjibu, hatoki.

Na ukisikia kitu kinakuita kwa jina lako? Bibi hapo hushusha sauti. Usiitike. Usikisogelee. Nenda mbali nacho, jifiche, mpaka kinyamaze.

Mie nililelewa hivyo, na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa darasa la pili, naye hivyohivyo. Tofauti ni kwamba mie nimeshakuwa mtu mzima, nafyeka huku naskiliza redio kwenye simu, na kijiwe nakiweka kwa mazoea tu. Yeye alikuwa anakiweka kwa moyo wote.

Siku ile ilikuwa Jumamosi, msimu wa vuli. Mama mdogo, yaani mdogo wake mama, anakaa Kinondoni na ana kikundi chao cha kina mama wanaosaidiana kwenye misiba na shughuli. Waliamua kutembea, wakakodi Coaster. Alinipigia simu akaniambia, "Wewe ndio mwenyeji, utatutembeza."

Nikamwambia kuna braza ambaye kazi yake ni kuongoza wageni, ndiye anayejua kuongea.

"Basi yeye ataongea, wewe utatembea. Na mdogo wako mlete, naye apate kuona watu."

Mama yetu alikuwa kazini Temeke, anapikia mafundi kwenye ujenzi. Alikubali kwa simu, akasema neno moja tu: "Msiachane."

Kina mama waliteremka garini wamevaa madela ya sare, wamebeba vikapu vya chakula. Niliwaamkia, "Shikamooni," kwa sauti ambayo nadhani waliisikia wa mbele tu.

"Marahaba! Eh, huyu ndiye mwenyeji? Mbona anatazama chini kama mwali?"

"Muache, shosti. Wanaume wa hivi ndio wa kuoa. Ukimtuma sokoni anarudi."

"Atarudi bila kununua, maana ataona haya kumuuliza muuzaji bei!"

Walicheka mpaka hondohondo wakaruka juu ya miti. Mwenyekiti wao aliwakemea huku naye anacheka. Ni mama wa asili ya Kiarabu, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, familia yao ina duka la mitandio toka enzi za babu yake. Alikuja na kipaza sauti cha dukani, kile cha mkononi, unarekodi maneno mara moja halafu kinarudia chenyewe mchana kutwa. Alisema kikundi chake kina wasemaji wengi na wasikilizaji hakuna, ndiyo maana amekibeba.

Pale kwenye mkongo mdogo wangu alichuchumaa, akaokota kijiwe cheupe.

"Unatafuta nini, mwanangu?" mama mmoja akamuuliza.

"Naacha jina."

"Unaacha nini?"

"Jina. Nitalichukua nikitoka."

Wakacheka tena, kwa upendo, lakini walicheka. Mama mdogo aligeuka pembeni akarekebisha miwani yake ya jua. Mie nilitaka kupita. Nilishapiga hatua. Mdogo wangu akasimama njiani ananitazama tu, hasemi, amekunja uso kama Bibi mwenyewe. Basi nikainama kama mtu anayefunga kamba za buti, nikakinong'oneza kijiwe changu, nikakisukuma kwenye mzizi, upande wa kushoto wa chake. Hakuna aliyeona isipokuwa yeye. Akatikisa kichwa kuridhika, tukaingia.

Asubuhi ile msitu ulikuwa mzuri, nasema kweli. Umande ulikuwa bado kwenye majani. Bwawani maji yalikuwa kijani, na kenge mmoja alikuwa amejianika kwenye gogo, alipotuona akajitupa majini, na kina mama wakapiga ukunga. Vipepeo wa rangi ya machungwa walikuwa wamekaa kwenye tope wengi mpaka tope lilionekana linapumua. Ngedere walitufuata juu kwa juu wakivizia vikapu. Tulipofika kwenye kichaka cha mianzi kitu kidogo kikakatiza njia mbio, kikasimama, kikatunusa.

"Mama zangu, huyo ni sange," braza akasema. "Wengine wanadhani panya. Tazameni pua. Ndefu, inachezacheza, kama ya mtu anayepita jikoni kwa jirani."

"Ndiyo maana amesimama kwa mwenyekiti!"

Mdogo wangu alimpenda yule sange kuliko vyote. Aliinama kumtazama mpaka kinyama kikapotelea kwenye majani makavu, naye akabaki anakitafuta kwa macho.

Kileleni tulikaa tukala. Pale miti inafunguka kama mlango. Unaona ndege zinavyoshuka uwanjani, majengo ya mjini yamesimama kwenye ukungu kama meno, na nyuma yake mstari mwembamba wa bahari. Kila mtu alikuwa anatafuta kwake. "Kinondoni ile pale!" "Weee, ile Tabata!" Walipiga picha mpaka nikachoka kuwashikia simu. Mie nilikuwa natazama upande wa kusini, ambako wingu jeusi lilikuwa limeanza kujikunja.

Njia ya kushuka mapangoni ni mbili. Moja ni fupi na kali, ya pili inazunguka taratibu. Wenye magoti mabovu walichukua ya kuzunguka pamoja na mama mdogo. Waliobaki walishuka na braza kwa njia kali, na mie nikatangulia mbele kukata tawi lililokuwa limeanguka jana yake. Mdogo wangu aliniambia, "Naenda kwa mama mdogo," nikamwona anakimbilia upande wao. Nikageuka na panga langu.

Tulikutana chini, kwenye uwazi ulio mbele ya mapango. Mama mdogo alikuja wa mwisho, anajipepea kwa kanga.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si yuko na wewe?"

"Na mie? Alinifikia akaniambia anarudi kwako, ameona sange."

Naikumbuka sauti ya kanga yake. Iliacha kupepea.

Mapango yale hayakuumbwa na mlima. Zamani wakoloni walichimba pale udongo mweupe, wakaacha vyumba virefu gizani na mashimo juu yake. Wageni wanapenda kuyaona, hasa jioni, popo wanapotoka kama moshi. Lakini kwa pembeni, nje ya njia yangu, kuna mashimo ya zamani yaliyofunikwa na majani, mengine yana maji. Kingo zake ni udongo uleule mweupe. Ukilowa unateleza kama sabuni. Siku zote braza anawaambia wageni wasiache njia, na siku zote anasema kwa utani. Safari hii alikuwa amegeuka rangi.

"Tugawane," akasema. "Wawili wawili. Mtu asiache njia. Muiteni."

Wakaanza kumwita. Kina mama wote wale, kila mmoja kwa sauti yake, jina la mdogo wangu likapanda na kushuka kwenye miti. Mwenyekiti koo lilimkauka upesi, akakumbuka kipaza sauti. Akakiweka mdomoni, akalitamka jina, refu, kwa nguvu, akabonyeza. Kikaanza kurudia. "Kitafika mbali kuliko sisi," akasema. "Atasikia tu, inshallah."

Mama mdogo simu yake ikaita. Ilikuwa mama. Akaitazama mpaka ikakatika. Ikaita tena.

"Pokea, dada," mtu akamwambia.

"Nimwambie nini?"

Mie nilishuka peke yangu upande wa mashimo, maana ndimi ninayejua pa kukanyaga. Sikuwa naita. Sijawahi kuwa mtu wa kuita. Nilikuwa natafuta kwa macho, nainua majani kwa ncha ya panga, nachungulia kila shimo huku naomba nisikione ninachokitafuta. Ngurumo ya kwanza ilipiga. Mwanga chini ya miti ukawa wa kijivu, ule ambao hautoi kivuli.

Nikakuta kandambili yake. Ya bluu, ya mguu wa kulia, imechomeka kwenye udongo kwa kisigino. Mbele yake alama ya mguu mtupu, vidole vimekandamizwa kwa nguvu, mtu aliyekuwa anakimbia. Nikasimama nikaangalia alama zinakotoka. Zilikuwa zinatoka juu, waliko watu. Zinaelekea chini, kwenye mashimo.

Sikuelewa. Mtoto aliyepotea anakimbiaje watu wanaomwita?

Hapo ndipo nilipokisikia vizuri. Nilikuwa nimeshuka mbali, sauti za kina mama zilikuwa zimefifia, imebaki ile ya kipaza sauti. Jina lake. Halafu jina lake. Halafu jina lake. Sauti ileile, urefu uleule, haivuti pumzi, haichoki, haikohoi. Ikifika ng'ambo kwenye kuta za mapango ilirudi tena, kama kuna mwingine anajibu kutoka ndani ya ardhi. Mie, mfyekaji wa njia zile, na kile kifaa nimekiona asubuhi kwa macho yangu, miguu yangu ilikataa kwenda kulikokuwa na ile sauti.

Yeye ana umri wa kung'oka meno. Na ameambiwa toka anyonye: kikikuita kwa jina, nenda mbali nacho.

Tulikuwa tunamfukuza. Kila tulipozidisha kuita, tulikuwa tunamsukuma mashimoni.

Nilipanda kile kilima kwa mikono na miguu. Nilipofika kwenye uwazi sikuwa na pumzi, na hata ningekuwa nayo, mnanijua. Nikasema, "Mnyamaze." Hakuna aliyesikia. Nikasema tena. Mama mmoja akanishika bega, "Umemuona? Umemuona?" Nikatikisa kichwa kukataa, nikamwonyesha kandambili, na hilo lilikuwa kosa, maana mama mdogo aliiona akapiga yowe na wote wakaanza kuita upya, kwa nguvu zaidi, na kipaza sauti juu yao.

"Mama mdogo, waambie wanyamaze."

"Tunyamaze? Mtoto yuko porini, mvua hiyo inakuja, tunyamaze?"

"Anatukimbia. Tunamwita kwa..."

"Sema basi! Sema! Siku zote unatafuna maneno, leo yateme!"

Hayakutemeka. Nyuso zote zilikuwa zimenigeukia, za watu wazima, za watu wa mjini, na nilichotakiwa kuwaambia ni habari ya kijiwe kwenye mizizi. Nilijua watakavyonitazama. Nikafumba macho, nikaweka mikono mdomoni, nikapiga ule wito. Sikuwahi kuupiga mbele ya mtu asiye wa nyumbani kwetu.

"Huuu, wa kwetu!"

Sauti iliyotoka sikuijua kuwa ni yangu. Ilikatika katikati kama ya jogoo mchanga. Kina mama walinyamaza wote, nadhani kwa mshangao. Nilikuwa sijatoa neno la kusikika toka asubuhi. Kilichobaki kinaongea ni kipaza sauti peke yake. Jina lake. Jina lake.

Mwenyekiti akanitazama, akakitazama kifaa kilichokuwa mkononi mwake. Sijui alielewa nini. Alikigeuza akang'oa mfuniko, betri zikaanguka kwenye majani.

Ukimya ule sijawahi kuusikia tena. Hata majani yalikuwa yanasubiri mvua.

Nikaita mara nyingine. Hakuna kitu.

Ndipo mama mdogo alipovua miwani yake. Uso ulikuwa umelowa. Alivua na viatu, sijui kwa nini, akasimama pekupeku kwenye udongo kama anayetaka kuswali, akaita. "Huuu, wa kwetu!" Nilishtuka. Ilikuwa sauti ya Bibi, ileile, inavyopanda mwishoni na kubaki juu. Nilikuwa nimesahau kwamba yeye ni mtoto wa Bibi. Naye alilelewa pembeni mwa msitu huu, naye aliwahi kuchuchumaa kwenye mizizi ile kabla ya Kinondoni.

Tulisubiri. Kutoka chini, mbali, upande wa mashimo, kitu kama mlio wa komba:

"Wa kwetu, huuu."

Mama mmoja akataka kupiga kigelegele, mwenyekiti akamziba mdomo kwa kiganja.

Nilishuka na braza akiwa nyuma yangu na kamba. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza, makubwa, yanapiga majani moja moja. Alikuwa kwenye shimo la pili kutoka mwisho. Siyo ndani kabisa. Kulikuwa na kijukwaa cha udongo, upana wa kitanda cha mtoto, chini yake giza na harufu ya popo. Alikuwa amejikunja pale, mweupe mwili mzima kwa ule udongo, macho tu ndiyo yanaonekana. Alikuwa ananitazama lakini hajisogezi.

"Njoo, nipe mkono."

Hakunipa.

"Ni mie. Nipe mkono, udongo unalowa."

"Umeliacha wapi?" akasema.

Braza nyuma yangu akanong'ona, "Anasemaje? Mvute tu!" Lakini ningemrukia angerudi nyuma, na nyuma hakukuwa na kitu. Ukingo ulikuwa umeanza kung'aa kwa maji. Kipande kikamomonyoka kando ya goti lake, nikakisikia kinadondoka, na sikusikia upesi kilipofika.

"Umeliacha wapi?" akauliza tena.

"Kwenye mizizi ya mkongo," nikamwambia. "Nilijifanya nafunga kamba za buti. Upande wa kushoto wa lako. Lako ni jiwe jeupe."

Akanipa mkono.

Tulipompandisha, popo walikuwa wameshaanza kutoka, mapema kwa sababu ya giza la mvua. Walipita juu ya vichwa vyetu kwa maelfu, ule moshi wenyewe ambao wageni wanaufuata, na hakuna hata mmoja aliyetoa simu. Kina mama walimzunguka. Mmoja akamfuta uso kwa ncha ya dela, akasema, "Jamani, asubuhi tulimkuta mwali mmoja, sasa wako wawili, wote wamepakwa udongo," akiwa ananitazama mie na matope yangu, na hapo ndipo watu walipoweza kulia. Mama mdogo alimpigia mama. Alisema, "Yuko na mimi, yuko na mimi," bila hata kusalimia.

Getini mvua ilikuwa inamwagika. Coaster ilishawashwa. Mama mdogo alikuwa mlangoni anamwita aingie, kwa jina lake. Mtoto hakugeuka. Alikwenda kwenye mkongo, akachuchumaa na kandambili moja tu mguuni, akatafuta, akachukua kijiwe cheupe. Akachukua na changu, akaniletea. Ndipo akaitika.

"Abee, mama mdogo."

Hakuna aliyecheka.

Ningependa kuishia hapo, lakini nyumbani hayakuishia hapo. Usiku ule mama mdogo na Bibi walikorofishana.

"Mama, mambo yako yangemuua mtoto. Watu wanamwita, yeye anajificha!"

"Mlimwita kama mnanadi nguo."

"Angejuaje? Yeye ni mtoto!"

"Alijua. Alijua kuliko nyie. Na wewe ulijua, ila uliliacha jina lako Kinondoni ukasahau kulifuata."

"Na huyu asingeita je? Huyu ambaye hata kuomba chumvi hawezi?"

Bibi alinitazama, mkono wake unasugua goti, na nikaona kwamba swali lile limempata. Tangu siku ile hajalijibu. Kilichobadilika ni kimoja tu: wakija wageni siku hizi, braza anawafundisha wito kwanza, pale pale kwenye mkongo, na ananitaka mie niupige ili waige. Naita nikiwa nimewapa mgongo. Wanaupenda. Wengine wanaokota vijiwe kwa utani, halafu jioni nawaona wanarudi kuvitafuta.

Lakini mdogo wangu amekuwa na swali lake. Juzi tulikuwa tunakwenda na mama Buguruni sokoni, kumejaa watu, akanivuta shati. "Kaka, nikipotea huku wakiniita kwa jina, niitike au nisiitike?"

Mama alikuwa anasubiri nimjibu. Nikimwambia aitike, namfundisha kwamba yule aliyejificha shimoni alikosea, na yeye hakukosea. Nikimwambia asiitike, kuna siku ataitwa na mtu mwema na hatatoka. Nilimshika mkono nikamwambia, "Leo usiniache." Siyo jibu. Anajua siyo jibu, bado ananisubiri.

Ndiyo maana nimechukua kalamu. Nyie mnaosoma mmetoka sehemu nyingi, wengine milima yenu ni mirefu kuliko yetu na misitu yake mikubwa zaidi. Kwenu mkipoteana mnaitanaje? Watoto wenu mmewaambia waitike sauti gani, na waikimbie ipi? Niandikieni. Hata kama ni mistari miwili, hata kwa penseli, hata mwandiko ukiwa kama huu wangu. Nasoma polepole kama ninavyoandika, lakini nitasoma yote, na nitamsomea yeye.